Bunge la Jimbo la Haut-Katanga na operesheni za usalama: huduma hii inamfikisha mwananchi wapi?

Kila operesheni mpya dhidi ya majambazi inapotangazwa Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo (DRC), familia za komini (wilaya za mji) za Katuba, Kenya na Rwashi zinakuwa na wasiwasi wa aina mbili: wa mwizi, na wa kijana asiye na kosa aliyebebwa usiku kwenye pikapu. Wasiwasi huu wa pili una mahali pa kupelekwa, nao wengi hawapatumii: Bunge la Jimbo, katika Jengo la 30 Juni. Tunalipima hapa kama huduma nyingine yoyote ya umma. Mtu akiingia na lalamiko juu ya doria au kikosi maalum, anatoka na nini?

Akiuliza vizuri, anaweza kupata maelezo rasmi juu ya pesa, magari, aliyetoa amri na idadi ya waliokamatwa. Hatapata askari aliyeadhibiwa. Polisi na wanajeshi wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kwa kifungu cha 156 cha Katiba ya 2006, na mbunge anayemwahidi mama wa mtu kwamba atamfunga kamanda anamdanganya.

Kwa upande wa sheria, huduma hii imejengwa vizuri. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na kinakataza asumbuliwe kwa kufanya hivyo. Sheria namba 08/012 ya tarehe 31 Julai 2008, inayohusu uendeshaji wa majimbo, inawapa wabunge wa jimbo vifaa vilevile walivyo navyo wenzao wa Bunge la Taifa, Kinshasa: swali la mdomo au la maandishi, swali la jambo la wakati huo, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kuhojiwa mbele ya kamati.

Tatizo linaanzia kwenye kifungu cha 202 cha Katiba. Ulinzi wa taifa na polisi ya taifa vimewekwa mikononi mwa serikali kuu. Mbunge akiuliza, "Kwa nini polisi walipiga watu risasi kule Kampemba?", waziri wa jimbo anayehusika na mambo ya ndani anajibu kwamba polisi wanaongozwa kutoka Kinshasa, na kikao kinaishia hapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo sababu linafanikiwa kila mara. Maswali mengi mazuri yanafia hapo kwa sababu yameingilia mlango usio wao.

Mlango ulio wazi ni pesa. Gari la doria linahitaji mazutu (dizeli), askari wa usiku wanahitaji chakula na posho, na mara nyingi vitu hivyo, hata pikapu zenyewe, vinatoka kwa serikali ya jimbo. Franga ya jimbo ikishaingia kwenye operesheni, operesheni hiyo inakuwa na kipande ambacho gavana na mawaziri wake wanapaswa kukitolea hesabu. Wabunge ndio wanaopiga kura ya bajeti ya jimbo, na ndio wanaopokea hesabu za mwaka uliokwisha. Hivyo, badala ya kuuliza kwa nini polisi walifyatua, mbunge aulize: nani alisaini amri ya kuanzisha operesheni, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani? Jimbo limetoa kiasi gani, kwenye mstari upi wa bajeti? Magari mangapi yalikabidhiwa, kwa kitengo gani, kwa hati ipi? Watu wangapi walikamatwa, wangapi walipelekwa mbele ya mwendesha mashtaka, wangapi waliachiliwa? Maswali haya hayamwachii waziri nafasi ya kuelekeza kidole Kinshasa. Mstari wa kutazamwa kwa makini kuliko yote ni ule wa pesa za siri za uchunguzi, kwa sababu hapo ndipo matumizi yasiyotaka risiti yanapojificha.

Sasa karatasi yenyewe. Ombi zuri halizidi kurasa mbili. Linataja tarehe, saa, avenyu (barabara), katie (mtaa) na komini. Linaeleza sare iliyovaliwa, beji ya kitengo kama ilionekana, namba ya gari au angalau rangi na alama zake, mahali aliyekamatwa alipopelekwa kwanza, na kama familia ilidaiwa pesa, kiasi gani na mbele ya nani. Yale mliyoyaona na yale mliyoyasikia yaandikwe katika aya tofauti. Kosa linaloharibu maombi mengi ni kuyachanganya: waziri anachukua uvumi mmoja, anaubomoa mbele ya wote, na ukweli tisa uliobaki unaanguka pamoja nao.

Majina ya mashahidi yasiwekwe kwenye ombi. Karatasi ikishapokelewa inapita mikononi mwa watu wengi, na huwezi kujua inaishia kwa nani. Andika "shahidi A", "shahidi B", na orodha ya majina ibaki kwa avoka (wakili). Saini ziwe za watu wazima wanaojua walichosaini. Saini nyingi za mkono mmoja ni zawadi kwa anayetaka kulitupa ombi.

Tengeneza kopi tano: ya ofisi ya Bunge, ya mbunge wa jimbo aliyechaguliwa katika mji wenu, ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya 2013, ya mwendesha mashtaka wa kijeshi, na ya kwenu. Hiyo ya mwisho igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na namba. Ukiambiwa "acha tu, tutakuita", usiiache. Bila muhuri, ombi lako halijawahi kuwepo.

Kalenda nayo inaua. Vikao vya kawaida vya jimbo vinaanza mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba, kila kimoja kama miezi mitatu. Ombi lililofika siku za mwisho za Juni litalala mpaka Septemba, na kufikia hapo kikosi kimekwisha kubadilishwa jina au kamanda. Peleka mapema. Kwa mambo ya pesa, kikao cha Septemba ndicho bora, maana ni cha bajeti na serikali ya jimbo inahitaji kura.

Waziri ana ngao mbili. Ya kwanza: "dosye (faili la kesi) iko mbele ya mahakama." Hiyo inafunga mjadala juu ya kosa la mtu fulani, lakini haifungi hesabu ya mazutu. Ya pili ni siri ya ulinzi. Mbunge akubali kikao cha faragha kwa yale yanayogusa mbinu, na adai hadharani idadi ya waliokamatwa na kiasi kilichotumika. Idadi ya watu walio kasho (mahabusu) haiwezi kuwa siri kwa familia zao.

Tume ya uchunguzi ndiyo kifaa kizito kuliko vyote, na ndicho tunachokitilia shaka zaidi. Inaundwa kwa kelele, ripoti inaingia kabatini. Kabla ya kuishangilia, uliza kama hati ya kuiunda imeandika tarehe ya kusoma ripoti mbele ya kikao chote. Kama haipo, swali la maandishi litakufaa zaidi.

Kwa amri iliyotoka Kinshasa, mpitie mbunge wa taifa. Kule kifungu cha 146 cha Katiba kina meno: hoja ya kutokuwa na imani na waziri mmoja inahitaji saini za sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50 kati ya 500. Ila kuzipata dhidi ya waziri wa ulinzi au wa mambo ya ndani ni mlima.

Hata hivyo, tunajua hali inavyokuwa mahali pasipo na huduma hii kabisa. Huko Nord-Kivu, jimbo la mashariki ambalo mji wake mkuu ni Goma, hali ya kuzingirwa (utawala wa dharura wa kijeshi) ilianza tarehe 6 Mei 2021, na Bunge la Jimbo likasimamishwa. Katiba inaruhusu siku 30, kisha nyongeza za siku 15 zinazopigiwa kura Kinshasa, na nyongeza hizo zilifuatana mwaka baada ya mwaka. Askari walipoua makumi ya raia Goma tarehe 30 Agosti 2023, hapakuwa na mbunge wa jimbo wa kumwita yeyote. Mahakama ya kijeshi ilihukumu, lakini mahakama inatazama makosa ya washtakiwa. Haikai mwaka mzima ikikagua jinsi kikosi kinavyotumwa na kulipiwa.

Onyo moja la vitendo: mtu akiwa bado ndani, usianzie Bungeni. Kifungu cha 18 cha Katiba kinaweka mwisho wa saa 48 za kushikiliwa kabla ya kuachiliwa au kukabidhiwa mamlaka ya sheria inayohusika. Saa hizo ni za avoka na mwendesha mashtaka. Andika saa aliyokamatwa, omba jina la afisa aliyesajili kesi, na kila jibu uliandike siku hiyohiyo. Karatasi hizohizo ndizo zitakazokuwa viambatisho vya ombi lako.