Leza ya macho: miwani nimeachana nayo, ila dropsi (dawa ya matone ya macho) bado natembea nazo
Nilifanya LASIK, yaani upasuaji wa leza wa kurekebisha macho, kliniki moja hapa Dar, sasa mwezi wa tatu. Leza yenyewe dakika chache tu kila jicho, haiumi, ila jioni yake weeh, macho yanawasha kama umekata vitunguu kilo nzima na huruhusiwi kuyafikicha, nikalala na vile vikinga vya plastiki vimebandikwa kwa tepu usoni. Asubuhi nasoma kibao cha daladala toka ng'ambo ya barabara! Shida ukavu, na usiku kila taa ya bodaboda naiona ina duara la mwanga. Wauguzi wapole kweli, ila habari ya ukavu kukaa hata miezi 6 naambiwa nishalipa hela, hapo wamenikwaza. Nyota 4.