Metali ya Kununua kwa Vipuri Vidogo vya Modeli Kubwa ya Ndege: Ipi Itangulie, Ipi Ingoje

Mabawa ya Spitfire halisi, ndege ya kivita ya Uingereza, yalikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo modeli yake ya skeli ya 1:24, yaani ndogo mara 24, hufikia karibu sentimita 47, na katika ukubwa huo jicho halisamehe unene uliozidi. Bamba la ngozi ya ndege lenye unene wa milimita 1 linapaswa kuwa na milimita 0.04 tu katika skeli hiyo, jambo ambalo plastiki iliyomiminwa katika kalibu haiwezi kulitimiza, na ndiyo maana anayetaka kuunda vipuri vyake mwenyewe huishia kununua metali. Wanunuzi wengi huichagua kwa mng'ao wake. Mimi naipanga kwa maswali mawili ya kazi: itaungwa kwa njia gani, na itavumilia kukunjwa mara ngapi kabla ya kukatika?

Nafasi ya kwanza naipa brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki ikawa ya manjano, na ndani ya brasi natanguliza mirija kabla ya mabamba. Mirija ya kampuni ya K&S ya Marekani hupanda ukubwa kwa hatua za 1/32 ya inchi, sawa na milimita 0.79, huku ukuta wake ukiwa na inchi 0.014, sawa na milimita 0.36; hesabu hiyo hufanya kila mrija uteleze ndani ya ule unaoufuata, ukibakiza nafasi isiyofika milimita 0.1. Shokapu ya mguu wa ndege wa kutulia ardhini, yenye silinda nje na pistoni ndani, hupatikana hivyo bila kukereza chochote. Kwa mitutu ya bunduki mirija hiyo ni minene mno, kwani tundu la bunduki ya milimita 12.7 huwa milimita 0.4 katika skeli ya 1:32, kwa hiyo tafuta ile midogo inayouzwa kwa vipimo vya milimita, yenye ukuta wa milimita 0.1 hivi.

Sifa kubwa zaidi ya brasi ni kwamba inakubali kulehemiwa. Lehemu ya kawaida ya bati asilimia 60 na risasi asilimia 40 huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190 za Selsiasi, ilhali brasi huhitaji nyuzi zaidi ya 900, hivyo una uwanja mpana wa kukosea bila kuharibu kipuri. Kiungo cha lehemu hubeba uzito ambao gundi ingeuachia, mradi kazi yote ya moto ikamilike kabla kipuri hakijagusana na plastiki. Brasi hukakamaa kadiri unavyoikunja, na nyingi inayouzwa imekwisha kukakamaa kiasi kiwandani. Hilo ni jema kwa fimbo zinazotakiwa kunyooka, lakini kwa kona kali ni lazima uichome kwanza mpaka iwe nyekundu hafifu ukiitazama kwenye kivuli, kisha uiache ipoe. Niliwahi kununua kifurushi cha fimbo kilichoandikwa kuwa ni brasi, na tupa ilipopita mara ya pili rangi ya kijivu ikajitokeza chini ya manjano: zilikuwa za chuma kilichopakwa. Tangu hapo nakwenda dukani na sumaku mfukoni, na muuzaji anayechukizwa nayo amekwisha kunijibu.

Shaba nyekundu ni ya pili, na kwa bahati njema sehemu kubwa yake huna haja ya kuinunua. Waya wa umeme unaopindika kwa urahisi una nyuzi nyembamba ndani yake, na uzi wa milimita 0.25 ndio hasa bomba la breki la milimita 6 katika skeli ya 1:24. Kunyoosha uzi huo kwa vidole hakufanikiwi kamwe. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, kisha vuta taratibu mpaka uhisi waya umekubali kurefuka kidogo, nao utanyooka na pia kupata ugumu. Kinachostahili pesa ni jaribosi ya shaba yenye gundi mgongoni, ambayo hufaa kwa mikanda midogo inayoshikilia mabomba. Ukinunua waya wa koili za mota, kumbuka kuwa umepakwa vanishi, nayo lazima ikwanguliwe kabla ya kulehemu.

Alumini wengi wangeiweka juu kwa hoja kwamba ndege yenyewe imetengenezwa kwa alumini. Hoja hiyo ina mvuto lakini haisaidii mezani, kwa sababu utando wa oksidi unaojirudia juu yake papo hapo huizuia lehemu ya kawaida kushika, ukabaki na gundi ya epoksi na matumaini. Hata hivyo naiheshimu kwa kazi za mabamba: vifuniko vya injini, viti vya rubani, milango ya magurudumu. Uzito wake mahususi ni 2.7 dhidi ya 8.5 hivi wa brasi, na katika modeli kubwa tofauti hiyo huonekana kwenye miguu. Bamba la ofseti la mitambo ya kuchapia, lenye unene wa milimita 0.15 hadi 0.3, ni laini na linakunjika vyema, ila ujue kuwa milimita 0.15 ni sawa na milimita 3.6 za ndege halisi katika skeli ya 1:24, hivyo ukingo unaoonekana sharti upunguzwe kwa tupa kwa mshazari. Jaribosi ya kawaida ya jikoni, yenye milimita 0.016 hivi, hufunika plastiki vizuri na kupokea ribiti zilizobonyezwa kutoka upande wa nyuma. Unapoichoma alumini ili ilainike usisubiri iwe nyekundu, maana huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kukuonya. Ipake sabuni kavu, na sabuni ikigeuka nyeusi ondoa moto.

Nafasi ya nne ni ya metali mbili za kununuliwa kidogo kidogo. Nikeli-silva, ambayo licha ya jina lake haina fedha hata chembe bali ni shaba, nikeli na zinki, hulehemika kama brasi na ikisuguliwa hung'aa kama kromu, kwa hiyo hufaa kwa pistoni ya shokapu isiyohitaji rangi. Sindano zenye tundu, za chuma cha pua, ni mitutu iliyokwisha kutengenezwa: namba 25 ina nje milimita 0.51 na tundu la milimita 0.26, karibu kabisa na tundu la bunduki ya milimita 7.7 katika skeli ya 1:32, na namba 21 ina nje milimita 0.82 na tundu la milimita 0.51. Nunua zile butu za kutilia gundi, zikate kwa kisahani cha kusaga, kwani koleo huziba tundu.

Risasi naiweka mwisho ingawa hakuna metali inayolegea kama kebo halisi kuizidi. Waya wake unauzwa kwa wavuvi wa ndoano za manyoya, na jaribosi yake hutoa mikanda ya rubani inayolala juu ya kiti kana kwamba ina uzito. Tatizo ni sumu, ambayo inakutaka unawe mikono na usiisugue kwa msasa mkavu, na pia ulikaji: mvuke wa asidi ya siki unaotoka katika baadhi ya mbao, mwaloni ukiwemo, huigeuza unga mweupe ndani ya kabati lililofungwa, na rangi juu yake huchelewesha tu jambo hilo. Kwa modeli itakayokaa katika kioo kwa miaka mingi, waya mwembamba wa lehemu isiyo na risasi, ambao kwa sehemu kubwa ni bati, hulegea karibu vilevile.