Kipunguza volti cha kuchajia simu kwenye bodaboda: kipi ununue, na uongeze nini

Betri ya pikipiki iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, injini ikinguruma hupanda hadi 14 na ushee. Simu inataka 5. Vipunguza volti vinavyouzwa Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi) vinaweza kuandikwa "3A" vyote na bado vikatofautiana sana kazini. Hapa vimepangwa, kwa jina la chipu iliyomo, kwa kazi moja: kuchaji kwa ampea 2 mfululizo, juani, kwenye chombo kinachotikisika.

1. XL4015. Kimeandikiwa ampea 5, hupokea volti 8 hadi 36. Ukikitumikisha 2 tu, joto lake ni la kawaida. Chukua chenye skrubu moja ya kurekebishia. Chenye mbili kina kidhibiti cha ampea kinachopima kwenye waya hasi wa kutokea: gamba la USB likigusa fremu, ambayo imeungwa na hasi ya betri, umeme unakwepa kipimo na kidhibiti hakina kazi tena.

2. LM2596. Kimezagaa kila duka, hupokea hadi volti 40. Ampea 3 zake ni za karatasini; bila bati la kupozea kihesabie 2, na juani 1.5. Tatizo kubwa ni bandia. Chipu halisi hukata umeme mara 150,000 kwa sekunde, ila nyingi za bei ya kutupa ni za aina ya zamani zinazokata mara 50,000 hivi, na koili (waya uliozungushwa) ndogo iliyobandikwa pale haizitoshi. Koili na chipu vinachemka, na volti zinayumba.

3. MP1584. Kidogo kama ukucha, kizuri pale nafasi inapobana. Kikomo chake ni volti 28, na mfululizo usikivushe ampea 1.5.

4. 7805. Usinunue kwa kazi hii. Hakigeuzi umeme, kinauchoma: kutoka volti 12 kwenda 5 kwa ampea 1, wati 7 zinakuwa joto na simu inapata 5.

Sasa vya kuongeza, na hapa ndipo wengi wanapobana senti na kuunguza simu ya laki kadhaa.

Fyuzi ya ampea 2, karibu kabisa na chanya ya betri. Inatosha: wati 10 za simu, ukiongeza upotevu, huvuta takriban ampea 1 tu kwenye betri. Waya uwe wa milimita 0.75 za mraba.

Dayodi ya kinga 1.5KE20A, sambamba na waya za kuingilia, mstari uliochorwa juu yake uwe upande wa chanya. Kichwa cha betri kikilegea injini ikiwaka, volti huruka ghafla. Dayodi hii huzibana chini ya 28. Ukikosea kugeuza chanya na hasi, inapitisha umeme na fyuzi inakatika badala ya chipu kufa.

Zena 1N5339B (dayodi inayozuia volti zisipite kiwango chake; volti 5.6, wati 5) upande wa USB, kati ya chanya na hasi, mstari kwenye chanya. Chipu hufa mara nyingi kwa kupiga shoti ndani, na hapo volti 12 zinakwenda moja kwa moja kwenye simu. Zena huzishika hadi fyuzi ikatike. Ikishafanya kazi hiyo, badilisha zena na fyuzi.

Mwisho unganisha pamoja D+ na D− za soketi ya USB, yaani pini mbili za data. Bila hivyo simu nyingi hudhani zimechomekwa kwenye kompyuta na kuvuta ampea 0.5 tu. Chaji haipandi, na lawama anabebeshwa kipunguza volti.

Kabla ya kufunga zena na kuchomeka simu, weka multimita kwenye waya za kutokea na geuza skrubu hadi volti 5.1. Usishtuke ikizunguka mara 10 bila namba kusogea, mpya nyingi ziko hivyo. Kisha, badala ya simu, funga hapo rezista mbili za oomu 4.7, wati 10 kila moja, sambamba: hiyo ni ampea 2 na kidogo. Acha nusu saa, bila kuzigusa maana zinaunguza. Volti zikishuka chini ya 4.8, rudisha dukani.

Kikifaulu, tia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili mtikisiko usiizungushe, na silikoni chini ya koili na kapasita. Miguu yao ndiyo hukatika kwanza kwenye barabara ya vumbi.