Kikombe cha Monte Carlo cha Tropica: je, kinafaa tangi la Nairobi?

Kwa anayetaka zulia la kijani mbele ya tangi la samaki hapa Nairobi, Monte Carlo (Micranthemum tweediei) ndio mmea wa kuanzia, na njia nzuri ya kuununua ni kikombe cha maabara. Tunachokipima hapa ni kile cha 1-2-Grow! kutoka Tropica, kampuni ya Denmark. Mmea wenyewe asili yake ni Argentina. Maabarani huzalishwa kwa tishu, kama inavyofanyika kwa miche ya migomba inayouzwa kwa wakulima wetu.

Faida kubwa ni usafi. Mmea wa kwenye kikopo cha wavu mara nyingi huja na mayai ya konokono na nyuzi za mwani, na wakati mwingine mabaki ya dawa ya wadudu ambayo huua uduvi wote. Kikombe kilichofungwa hakina hayo. Dukani tazama mambo mawili: majani yawe ya kijani hadi chini, na pasiwe na ukungu mweupe ndani. Kikombe kilichoanikwa dirishani juani kiache hapo hapo, hata ukipunguziwa bei. Na ukitaka kujiagizia kutoka nje, pata kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Kifurushi kisicho na hati kinaweza kuishia kuteketezwa.

Wengi hununua vichache mno. Tangi la sentimita 60 kwa 30 linahitaji vikombe vitatu au vinne. Kimoja kitatosha hatimaye, lakini udongo ulio wazi kwa miezi ni shamba la mwani, na utatumia muda mwingi kuusugua kuliko kutazama samaki.

Kabla ya kupanda, osha lishe yote ya maabara kwenye mizizi, kwa kuwa ina sukari na huvutia ukungu. Gawa kila shada vipande vya sentimita 1 hadi 2. Panda udongo ukiwa umelowa lakini tangi halijajazwa, ukinyunyiza maji kila mara ili majani yasinyauke. Shika kipande kwa kibano chembamba, kizamishe kwa kukilaza kidogo hadi zibaki ncha tu, kisha fungua kibano na kukichomoa polepole. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3. Vipande vilivyopandwa juujuu vitaelea vyote siku ya kujaza maji, kwa hiyo mimina maji juu ya sahani au mfuko wa nailoni.

Udongo wa akwaria wenye rutuba, kama ADA Amazonia, ndio unaorahisisha kazi: mfuko wa lita 9 hutandaza sentimita 5 kamili katika tangi hilo. Hutoa amonia nyingi mwanzoni, basi badilisha nusu ya maji kila siku wiki ya kwanza, siku moja baada ya nyingine wiki ya pili, na usiweke samaki hadi amonia na naitraiti zisome sifuri. Mchanga wa mto wa Machakos nao unawezekana ukichekechwa zibaki punje za milimita 1 hadi 2 na kuoshwa hadi maji yawe safi, lakini hauna chakula: zika vidonge vya mbolea kila sentimita 10. Kokoto, hapana. Mizizi ya Monte Carlo ni mifupi, haishiki.

Kuhusu maji, jijini ni bahati yako yanatoka wapi. Ya mfereji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini, na mmea huu huyapenda. Toa klorini kwa dawa yake kila unapobadilisha. Ulaini ukizidi, majani machanga hutoka yamepauka na kujikunja: kalsiamu au magnesiamu imepungua. Kwa lita 60, gramu 5.5 za jasi huongeza ugumu kwa takriban digrii 3, na gramu 2.5 za chumvi ya Epsom huongeza digrii 1 hivi. Maji ya kisima kirefu, yale ya bouza na ya mitaa mingi ya maghorofa, mara nyingi yamejaa baikaboneti. Hayo humaliza haraka uwezo wa udongo wa kushusha pH. Pima ugumu wa kaboneti. Ukizidi digrii 8, changanya na maji ya mvua uliyokinga baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza.

Lebo huliweka zulia hili katika daraja la kati kwa ugumu wa kulikuza, na ni kweli, kwa sharti la kuingiza gesi ya kabonidayoksaidi majini. Bila gesi Monte Carlo haifi, ila hurefuka kwenda juu kutafuta mwanga na kutambaa kwa mwendo wa kinyonga. Lenga miligramu 20 hadi 30 kwa lita. Kipimo cha kuning'iniza ndani ya tangi, chenye kimiminiko cha ugumu wa kaboneti wa digrii 4, kikiwa kijani, uko sawa. Kikiwa buluu, gesi haitoshi. Kikiwa njano, samaki wako hatarini. Fungua gesi saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka na uifunge usiku, kwa sababu jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yake hubeba oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa yenye joto sawa. Mtungi ni ule wa kabonidayoksaidi unaojazwa na wanaohudumia vizima-moto, si wa kupikia. Chupa ya sukari na hamira inatosha tangi la lita 30, lakini Julai chachu hulala na gesi hukatika bila wewe kujua.

Taa iwe na lumeni 25 hadi 40 kwa kila lita. Iwashe kwa muda wa saa 6 kila siku wiki tatu za kwanza, kisha panda hadi 8. Nunua taima yenye betri: ile ya kuzungusha husimama stima ikipotea, na baada ya wiki mbili taa yako inawaka usiku wa manane. Vali ya umeme kwenye regyuleta (kifaa cha kudhibiti gesi ya mtungi) hujifunga yenyewe stima ikienda, hivyo usiibanie pesa.

Katika wiki mbili za kwanza baadhi ya majani yatayeyuka. Yalizaliwa hewani na hayawezi kuishi ndani ya maji. Yatoe, using'oe mizizi. Machipukizi mapya huonekana ndani ya wiki ya tatu. Yasipoonekana, tafuta kosa kwenye gesi kabla ya kulaumu mbolea.

Zulia likifika sentimita 3, punguza hadi 1 kwa mkasi uliopinda, na uvue vipande kwa wavu. Ukichelewa, tabaka la chini hukosa mwanga, huoza, na siku moja zulia zima hung'oka na kuelea kama mkeka.

Asiyetaka mtungi nyumbani aache kikombe hiki dukani. Marsilea hirsuta huenda polepole lakini huvumilia mwanga wa kawaida, na nyasi za Eleocharis acicularis hustahimili hata maji ya nyuzi 18 ya sebule isiyo na hita. Cuba (Hemianthus callitrichoides) ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, lakini haisamehe: gesi ikiyumba siku chache tu, inayeyuka.