Nyota wa leo au chipukizi wa kesho: Toronto na Boston

Mwaka 2018 Toronto Raptors, timu ya mpira wa kikapu, walimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, wakamchukua Kawhi Leonard, ambaye angeweza kuondoka baada ya msimu mmoja. Kamari tupu. Mwaka 2019 wakatwaa ubingwa wao wa kwanza wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani Kaskazini. Wiki chache baadaye Leonard akahamia Los Angeles Clippers.

Boston Celtics walipita njia ndefu. Mwaka 2013 waliwapeleka Brooklyn Nets wakongwe Paul Pierce na Kevin Garnett, wakapewa haki za Nets za kuchagua chipukizi kwenye drafti za miaka ya mbele, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, ambapo kwa kawaida timu dhaifu huchagua mapema. Utamu wa dili hilo: kadiri Nets walivyoboronga, ndivyo Boston walivyonufaika. Mwaka 2016, kwa haki hizo, wakampata Jaylen Brown. Mwaka 2017 walipata nafasi ya kwanza ya kuchagua, wakabadilishana na timu ya Philadelphia, wakashuka hadi ya tatu na bado wakamchukua Jayson Tatum. Ubingwa ukaja 2024.

Miaka 11! Shabiki gani ana subira hiyo? Hata hivyo, njia ya Toronto ningeifuata pale tu ambapo kikosi kimepungukiwa mtu mmoja, kama kilivyokuwa chao.