Vitabu vya hadithi vya AR: nilivyovitumia na mtoto wa kaka yangu

Naona watu wengi wanaulizia hivi vitabu vya AR vya watoto, vile unamulika ukurasa kwa kamera ya simu halafu simba anasimama juu ya karatasi ananguruma. Ngoja niseme nilivyoviona mimi maana nimekaa na kimoja tangu kabla ya likizo ya Juni, natumia na mtoto wa kaka yangu, ana miaka mitano, yuko chekechea hapa Tabata. Kwa kifupi kwenye kumchangamsha mtoto aongee kiko vizuri sana, kwenye kusoma kwenyewe bado.

Nilikinunua kwa dada mmoja anauza mtandaoni, 35,000 pamoja na hela ya boda. Kitabu cha jalada gumu, kila herufi na mnyama wake, kwa nyuma kuna hadithi fupifupi. Unaskani QR unashusha programu, programu yenyewe ndogo ila ukiifungua tu inaanza kushusha wanyama mmojammoja na hapo ndo bando linapukutika, kwahiyo hiyo kazi kafanyie ofisini au popote penye waifai ya bure. Ikishamaliza haiombi tena intaneti. Simu yangu ni Tecno ya kawaida, ilikubali ila inachemka balaa na chaji inashuka huku unaiona. Ya bibi yake mtoto iligoma kabisa. Programu nyingine za namna hii zinategemea ARCore, yaani mfumo wa Google wa kuendesha AR kwenye simu, na simu nyingi za bei chee hazimo kwenye orodha yake, nyingine zinatambua tu picha ya ukurasa na hizo hazibagui sana, kwahiyo kabla hujalipa mwambie muuzaji mjaribu ukurasa mmoja kwa simu YAKO, sio yake.

Mwanga nao. Kamera inatafuta alama kwenye picha, vikona, mistari, rangi zinapokutana, ndo inajua huu ni ukurasa wa twiga inampandisha pale. Sasa karatasi zenyewe zinang'aa kama zimepakwa mafuta, taa ya juu ikipiga tu twiga anatetemeka anapotea, umeme ukikatika ndo usiseme, na tochi inazidisha kung'aa. Tukahamia barazani saa kumi jioni kivulini, twiga akatulia, ila watoto wa majirani wote wakahamia kwetu.

Sasa kilichonifurahisha. Huyu binti ni mkimya, ukimwuliza shuleni mmefanya nini anakwambia "tumekaa". Alipomwona tembo akakizungusha kitabu ili amwone kwa nyuma, akacheka mpaka akakaa chini, halafu maswali, shangazi mbona hana kivuli, shangazi anakula nini, shangazi akikanyaga meza si itavunjika. Nikamwambia basi wewe nihadithie huyu tembo anaenda wapi, akanipa safari ndefu kweli, tembo kapanda mwendokasi mpaka Kivukoni kununua samaki. Hilo peke yake lilinirudishia nusu ya hela.

Ila ukimwonyesha neno lililoandikwa chini ya tembo hata haliangalii, macho yote yapo kwenye skrini. Na neno lenyewe ni la Kiingereza, kama karibu kila kitabu cha AR nilichokuta madukani hapa Dar. Na hapa ndo panaponiuma, maana mwalimu wake anawaimbisha a e i o u, ba be bi bo bu, ndo njia watakayoendelea nayo darasa la kwanza kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), halafu kitabu kinamwambia A ni "ei", E ni "ii", I ni "ai". Yaani E ya kitabu ni I ya mwalimu! Siku moja kaniandikia meza, nikamwambia isome, akasoma "miza". Bata naye kakaa kwenye herufi D ya "duck", ukimwambia "d ya bata" anakuangalia tu.

Tulichofanya, nikazima sauti ya programu. Nikaandika majina kwa Kiswahili kwenye vipande vya karatasi nikagawa silabi, nikabandika pembeni (ukibandika juu ya picha kamera haiitambui). Sheria ikawa moja, hakuna kamera kabla ya kupitisha kidole na kusoma, ba-ta, pa-ka, ku-ku. Te-mbo na twi-ga ziliachwa za baadae maana mbo na twi ni ngumu kwa anayeanza. Hapo kidogo nikaona faida, mnyama akawa zawadi ya kumaliza neno. Ila jamani kazi hiyo nimefanya mimi na gundi, sio kitabu.

Na mtu asiniambie kwa Kiswahili haiwezekani. Yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutafuta programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma na kuhesabu, programu zilijaribiwa kwenye vijiji vya mkoa wa Tanga, watoto wamepewa tableti zina masomo ya Kiswahili, na mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Hamna simba wa kuruka pale, ila lugha ilikuwa ya watoto wenyewe.

Kwa wenye wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walisema mtoto wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku na ikipungua ndo vizuri zaidi, kwahiyo mdogo wake wa miaka mitatu anaangalia wanyama wawili watatu halafu simu inarudi kwangu, kilio kipo.

Nakipa nyota tatu. Kama una muda wa kukaa na mtoto nunua, kama unataka kumpa simu uende jikoni basi katuni za bure zinatosha. Mimi changu siuzi, tumekiweka cha Jumamosi, ila cha pili sinunui mpaka nikute chenye silabi, na ile 35,000 nyingine nitaenda nayo mtaa wa Samora mjini nimchukulie vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya karatasi, atapata zaidi ya kimoja.