Uzoefu wangu na Amiga Forever: unacholipia ni ROM

Nimetumia Amiga Forever, kifurushi cha kuendesha programu za Amiga (kompyuta ya zamani ya kampuni ya Commodore) kwenye kompyuta ya leo, toleo la Plus, hapa Arusha, kwenye laptop ya RAM 4 GB. Kabla hujatoa hela, elewa kwamba hununui emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine. Emuleta ni za bure. FS-UAE, kwa mfano, iko chini ya leseni huria ya GPL. Unachonunua ni haki ya kutumia Kickstart, ile ROM ya Amiga (programu ya kuiwashia, iliyokaa kwenye chipu), na hiyo ina mwenyewe.

Mjini utaambiwa Commodore ilikufa mwaka 1994, sasa nani atakudai? Kweli ilifilisika, ila hakimiliki ni mali kama mali nyingine, hupata mmiliki mpya. Leo leseni ya ROM hizo hutolewa na Cloanto, wenye Amiga Forever. Na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Fleshi ya "ROM zote" inakupa faili tu, haki haimo.

Bei ni ya dola, kwa hiyo acha ziada kidogo kwenye kadi. Benki hukata chake.

Kwenye Windows ni kubofya mpaka mwisho. Kazi iko Linux. Nakili yaliyomo kwenye folda ya rom kwenda FS-UAE/Kickstarts, pamoja na faili dogo la rom.key. Hapo ndipo wengi hukwama. Angalia ukubwa wa amiga-os-130.rom: baiti 262,155, wakati ROM yenyewe ya 256 KB ni baiti 262,144. Zile 11 za mbele ni maneno AMIROMTYPE1, alama kwamba faili limefungwa kwa ufunguo. rom.key isipokuwepo kwenye folda hiyohiyo, FS-UAE hushindwa kulifungua na kuishia kwenye AROS, ROM mbadala ya bure. Kwa hiyo ukiwasha A500 (modeli mojawapo ya Amiga) ukakuta AROS badala ya picha ya mkono ulioshika diski, tafuta ufunguo kwanza. Usianze kufuta na kusakinisha upya. (AROS si takataka, ila michezo mingi ya zamani huigomea.) Ukimpa jirani rom.key na faili zake, umemgawia ROM.

Kinachoniudhi: mtu hudhani akishalipa, michezo yote ni halali. Hapana. Leseni inahusu ROM, mfumo na vilivyomo kwenye kifurushi. Mchezo mwingine wowote una mwenye haki wake.

Kama shida yako ni ZX Spectrum, kompyuta ya zamani ya Sinclair, usinunue kitu. Amstrad, iliyonunua haki za kompyuta za Sinclair mwaka 1986, iliruhusu mwaka 1999 ROM zisambazwe pamoja na emuleta, mradi maandishi ya hakimiliki yasiguswe na ROM zisiuzwe. Wa DOS, mfumo wa zamani wa PC, naye atumie emuleta ya DOSBox: ina DOS yake ndani, haihitaji diski ya Microsoft.

Kwa Amiga, chukua Plus. Toleo la Value lina ROM chache, na ukitaka modeli ya A1200 utahitaji Kickstart 3.0 au 3.1.